Mshipa wa Masele Fundi Baiskeli

Mume wangu Masele alianza kufa mwezi wa sita mwaka 1984, na mpaka leo, miaka mitatu baadaye, hajamaliza. Kila mtu hapa Masumbwe amekwisha kusimulia habari za mshipa wake kwa namna yake. Sasa nitasimulia mimi mkewe, maana mshipa ulikuwa tumboni mwake lakini mzigo ulikuwa kichwani mwangu.

Naitwa Paskazia, Mama Mbuke. Shule sikusoma. Baba yangu kule Nkome aliona kwamba dagaa haombi kusomewa wakati wa kuanikwa, akaniacha ufukweni nigeuze dagaa. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima kilichofanyika ghala la pamba. Masele alinikuta Nkome mwaka 1962, alipoleta baiskeli mbili alizozifufua ili aziuze kwa wavuvi. Kazi ya ufundi alijifunza Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, kwa mzee mmoja wa Kiislamu aliyeitwa Salehe. Alikuwa kijana hodari, hilo siwezi kumnyima. Aliweza kuzamisha tyubu ndani ya karai la maji, akaiminya mara moja tu, akakuonyesha tundu kabla povu halijatoka. Alitoa ng'ombe kumi, nikaja naye huku, kwa sababu wachimbaji wa dhahabu wana baiskeli nyingi na njia zao zina mawe mengi.

Kwa miaka ishirini na miwili nilimpikia, nikalima, nikamzalia Mbuke na wadogo zake, na kila jioni nikamwaga maji machafu ya karai lake. Katika miaka hiyo yote alinisifu mara moja, na hata hapo alikuwa anamsifu mtu aliyeliuza lile karai.

Huo mwezi wa sita alishikwa na maumivu ubavuni, akalia kama ndama. Akapelekwa hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mimi nilibaki na mihogo. Siku ya nne alirudi. Nilimwona kwa mbali akitembea katikati ya barabara polepole, mikono ameitanua, kama mtu aliyebebeshwa trei ya mayai na hajaambiwa aiweke wapi.

"Baba Mbuke, wamesemaje?"

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Wamesemaje?"

Akakaa kwenye kigoda kwa awamu tatu. Akaniambia kwamba yale maumivu yalikuwa ya kijiwe cha figo, na kijiwe kimekwisha kutoka chenyewe. Lakini wale watu wa hospitali wana kimashine kipya, wanakupaka mafuta ya baridi tumboni, wanakutazama ndani kama kwenye dirisha. Walipokuwa wanatafuta kijiwe wakaona kitu kingine. Mshipa mkubwa wa damu, ule unaoshuka katikati ya tumbo, umetoa uvimbe mahali pamoja.

"Uvimbe mkubwa?"

"Daktari amesema ni mdogo."

"Basi tushukuru."

Masele alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mteja anayeuliza kama tairi iliyochanika inaweza kuvumilia mpaka Geita. Akachukua tyubu kuukuu kutoka ukutani, akaijaza upepo mpaka ikatoa nundu upande mmoja. "Unaiona hii? Ni ndogo. Sasa tazama." Akapampu tena mara nne. Nundu ikapasuka, kuku wakakimbia, na yeye mwenyewe akaanguka kutoka kwenye kigoda akiwa ameshika tumbo.

Huo ndio uliokuwa msiba wetu. Mtu mwingine angeambiwa uvimbe ni mdogo angerudi kulima. Masele alikuwa fundi. Alijua kila kitu kuhusu nundu.

Kuanzia siku ile aliishi kama tyubu. Kuanzia saa tano mpaka saa kumi hakukanyaga jua, kwa sababu tyubu ikiachwa juani upepo hupanuka. Maharage aliyakataa kabisa, na sababu yake mnaijua. Maji alikunywa kwa kijiko. Njia yenye mawe hakupita. Halafu akachukua tyubu nzima, akaipasua ikawa mkanda mrefu, akajizungushia tumboni raundi saba, kama fundi anavyofunga tairi yenye nundu ili ifike nyumbani. Akawa anatembea amenyooka, anatoa mlio wa mpira kila anapogeuka. Usiku ukimsikia anageuka kitandani ungedhani kuna mtu anavaa mabuti.

Mkumbuke mwaka wenyewe ulivyokuwa. Dukani hamkuwa na sabuni, hamkuwa na kitambaa, na tyubu ilikuwa inasimuliwa tu. Watu walikuwa wanajaza majani makavu ndani ya tairi ili wapate kwenda. Na katikati ya shida hiyo fundi wa Masumbwe amevaa tyubu! Ilipolegea akavaa ya pili juu yake. Mchimbaji mmoja alileta baiskeli yake kutoka duarani, yaani shimoni wanakochimba, akatazama tumbo la Masele kwa muda mrefu, akasema, "Fundi, hiyo uliyovaa ni saizi yangu."

Kazi nayo ikamshinda. Hakuweza tena kuvumilia kusikia mlio wa upepo ukitoka kwenye tundu. Akiusikia tu alijishika kitovu kutazama kama ni yeye. Fundi baiskeli anayeogopa pampu ni sawa na mvuvi anayeogopa maji. Basi nani akapampu? Mimi. Nani akaziba pancha, akanyoosha spoku, akapaka solusheni mpaka vidole vikashikana? Mimi. Yeye alikaa kivulini akinong'ona, "Kushoto. Kushoto kidogo. Usikaze sana, unaniumiza." Nilikuwa nakaza nati ya gurudumu la mtu mwingine kabisa.

Yote hayo ningeyavumilia. Nimevumilia makubwa zaidi. Lakini akaongeza sharti moja: asikasirishwe. Alisema hospitali ndiyo iliyoagiza. Na kati ya vitu vyote vya kumkasirisha hapa duniani, akagundua kwamba kikubwa ni sauti yangu.

Ni kweli sauti yangu ni kubwa. Nimekulia ufukweni, mahali unapomwita mtu aliye ndani ya mtumbwi naye asikie. Kwa miaka ishirini na miwili sauti hiyo ilimwita kula, na hakuwahi kukosa kuisikia wala kuilalamikia. Sasa nikimfukuza mbuzi kwenye muhogo, Masele anaanguka. Nikimwita jirani, Masele anaanguka. Aliwahi kuanguka hata nilipopiga chafya. Na kila alipoanguka alichagua mahali penye majani laini.

Ndipo akaja wifi yangu Eufrasia kutoka Shinyanga. Eufrasia ni dada mkubwa wa Masele, mwanamke mwenye sauti laini kama uji, na kila mwezi alikuja na kikapu. Juu ya kikapu kulikuwa na mchele wa kunionyesha mimi. Chini yake kulikuwa na majani ya tumbaku ya kaka yake, kwa sababu Masele anavuta tangu kabla hajaota ndevu, na tumbaku ya hapa anasema haina nguvu. Safari hiyo Eufrasia alikaa siku tatu, akanitazama nikifanya kazi zote za nyumba na za karakana, kisha akasema, "Wifi, unamuua kaka yangu."

"Namuua na nini?"

"Na huo mdomo. Rudi Nkome kwa kaka yako upumzike. Sisi tumekwisha kumwona binti mmoja, Chausiku, mpole, hata akicheka husikii."

"Mmekwisha kumwona? Lini?"

"Mwezi uliopita."

Mwezi uliopita! Mshipa wenyewe ulikuwa haujamaliza mwaka, na tayari ulikuwa umetafutiwa mke.

Nilipiga kelele, sitaficha. Masele akaanguka, akalala siku mbili bila kusema, isipokuwa wakati wa chakula. Eufrasia akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Donatus, na Donatus akaitisha dagashida, mkutano wa wanakijiji wa kuamua mambo kama haya. Wanaume walikaa, wakasikiliza, wakatikisa vichwa. Mmoja alisema mkwe wake aliwahi kufa kwa kukasirishwa. Mwingine akasema hapana, yule alikanyagwa na fahali. Wakajibizana kwa muda mrefu kama fahali yule alikuwa amekasirika. Mwisho Donatus akaniuliza kama nina neno.

Nilikuwa nalo, na nililisema polepole mpaka nikajishangaa. Nikasema, "Balozi, nyumba ile nimeikandika udongo kwa mikono yangu mara mbili, mara ya kwanza tulipofika na mara ya pili wakati wa Operesheni Vijiji tulipohamishwa. Sikatai kuondoka kama sauti yangu inapasua mishipa. Lakini maneno ya daktari mimi sijayasikia. Nimesikia maneno ya Masele kuhusu maneno ya daktari. Mwezi wa sita anatakiwa arudi hospitali akapimwe tena. Nipelekwe nisikie kwa masikio yangu, na wewe uje usikie kwa yako."

Donatus ni mtu anayependa safari. Akasema neno langu ni la haki. Ikaamuliwa: daktari akisema sauti ya Mama Mbuke ni hatari, Mama Mbuke anafungasha na kwenda Nkome, akisema si hatari, anabaki kwake. Eufrasia hakungoja hospitali. Asubuhi ya safari nilikuta vyombo vyangu, sufuria zangu mbili, kinu na kanga, vimefungwa kwenye kifurushi kwa mkanda wa tyubu, vimewekwa mlangoni.

"Nimekusaidia tu, wifi," akasema.

Basi la hospitali linapita njia mbovu, na Masele alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameazima tyubu mbili za lori, nilizozijaza upepo mimi, akaziweka juu ya kiti na kukalia juu yake, kichwa kikigusa dari. Abiria wengi walikuwa watu wetu wa Masumbwe. Mwanamke mmoja mwenye kuku akamwuliza, "Baba, umekalia nini?" Masele akamjibu kwa upole, "Mayu, mama yangu, nimekalia maisha yangu."

Tulipofika kwenye korongo la tatu, gurudumu likadondoka shimoni, na tyubu moja ya lori ikapasuka. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko bunduki. Masele akashuka kutoka darini mpaka kwenye kiti, akafumba macho, mikono juu ya tumbo.

"Nimepasuka," akasema.

Basi zima likageuka kumtazama. Hata kuku waliinua vichwa.

"Balozi, uko wapi? Nishike mkono. Mama Mbuke yuko wapi?"

"Nipo."

"Nisamehe. Daktari hakusema chochote kuhusu sauti yako. Alisema niache tumbaku. Habari ya sauti tuliitunga mimi na Eufrasia. Nizikwe upande wa karakana. Pampu mpya apewe Mbuke. Naona giza."

"Fumbua macho," akasema Donatus.

Masele akafumbua jicho moja. Akaona dari ya basi, akaona kondakta ameshika kipande cha mpira kilichochanika. Akajipapasa. Rangi ikamrudia usoni polepole, na aibu ikaja pamoja nayo.

Nami niseme ukweli wangu kwa kuwa nimesema wa wengine. Katika ule muda mfupi niliodhani amekufa kweli, nilikaa nikisubiri machozi yangu. Yalikuja, na nilikasirika kwamba yamekuja, maana sikuona alichofanya mtu yule hata nimlilie.

"Balozi, umesikia," nikasema.

Masele akakaa sawa. "Yale yalikuwa maneno ya mtu anayekufa," akasema. "Sasa sikufa. Hayahesabiki."

Donatus akafikiri kwa kilomita nyingi. Karibu na hospitali akatoa hukumu kwamba hilo ni swali gumu, na kwamba dagashida lilisema daktari, halikusema basi. Nilitamani kumtupia kuku wa mwenzangu.

Daktari alikuwa kijana wa Kisukuma, daktari msaidizi, jina lake Bartholomeo. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikahisi kwamba kuna mtu ameniona. Alimwambia Masele avue shati. Akatazama ule mpira. Akatembea kuuzunguka.

"Mzee, hii ni nini?"

"Nimeufunga, daktari. Usipanuke."

"Nani amekuagiza?"

"Kazi yangu ndiyo inafundisha hivyo."

Kuufungua mpira kulichukua muda kuliko kipimo. Muuguzi aliushika upande mmoja, mimi upande mwingine, na Masele akazunguka katikati kama pia ya watoto. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka na kutoka vipele. Kisha wakampaka yale mafuta ya baridi, wakatazama dirishani mwao, wakaandika. Daktari akachukua rula akaiweka mezani mbele yetu wote watatu.

"Mshipa huu kwa mtu mzima una upana kama sentimita mbili, hapa. Wa mzee mwaka jana ulikuwa tatu, hapa. Leo ni tatu na kidogo sana, chini ya unene wa njiti ya kiberiti. Huu bado ni mdogo. Ukiwa mdogo hivi, kupasuka ni nadra mno. Wengi wenye mshipa kama huu huzeeka nao na kufa kwa mambo mengine."

"Lakini unaweza kupasuka," akasema Masele, kama anayetetea shamba lake.

"Unaweza ukikua. Ndiyo maana nikasema uje kila mwaka. Mdogo hauna maana kwamba haupo. Maana yake ni kwamba tunautazama. Ukifika sentimita tano, sita, hapo tutazungumza habari ya kisu huko Mwanza au Dar es Salaam. Na ukipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, ukatoka jasho, ukazimia, usingoje asubuhi, uletwe hapa mbio."

"Nimezimia mara kumi na nne," akasema Masele.

"Aliangukia kwenye majani," nikasema mimi.

Daktari akanitazama, akakohoa kidogo. Akampima presha, akasema imepanda kidogo tu, apunguze chumvi, atembee, afanye kazi zake, asinyanyue gunia zito kwa kujikakamua. Jua halina neno. Maharage ale. Maji anywe mengi, maana kijiwe cha figo kinapenda sana watu wa kijiko.

"Lakini tyubu yenye nundu..." Masele akaanza.

"Mzee, tyubu ni kitu kilichokufa. Mshipa ni nyama hai. Hauongozwi na pampu ya baiskeli." Akafungua kadi ya mwaka jana. "Kitu kimoja nilikiandika hapa na kukipigia mstari mara mbili. Tumbaku. Tumbaku ndiyo inayokula ukuta wa mshipa na kuufanya ukue. Umeacha?"

Masele alitazama rula.

"Anavuta," nikasema. "Dada yake anamletea kila mwezi kutoka Shinyanga, chini ya mchele."

"Basi mnapoteza nauli kuja hapa."

Nikaona wakati wangu umefika. "Daktari, na sauti yangu? Nimeambiwa sauti yangu itaupasua. Nimefungashiwa vyombo viko mlangoni."

Yule kijana aliweka kadi mezani. Hakucheka, na kwa hilo namwombea mpaka leo. "Mama," akasema, "hasira hupandisha presha kwa muda, kisha ikashuka. Kila mtu hukasirika, na kila nyumba ina sauti. Hakuna mahali nilipoandika sauti ya mke. Nisikilizishe."

"Nikusikilizishe nini?"

"Hiyo sauti."

Basi nilimwita Masele kama ninavyomwita kula, kutoka chini kabisa ya kifua, na kwenye wodi ya jirani mtu akaitika, "Naam!" Daktari akaweka mkono juu ya tumbo la Masele, akasubiri, akauondoa.

"Bado upo vilevile," akasema. "Andika hilo, Balozi."

Donatus hana kalamu, lakini alilibeba neno lile mpaka Masumbwe bila kumwaga hata tone, na siku ya pili dagashida likakaa tena. Eufrasia alisema daktari yule ni mdogo. Donatus akasema hata mshipa ni mdogo, na bado umetusumbua mwaka mzima. Ikaamuliwa nibaki kwangu. Kisha mzee mmoja akauliza: kama tumbaku ndiyo inayomuua Masele, anayeileta ni nani? Watu wote wakageuka polepole. Eufrasia alitozwa mbuzi kwa kosa la kutaka kumuua kaka yake, na mbuzi akachinjwa pale pale na kuliwa na mkutano. Eufrasia aliila nyama hiyo akilia, lakini aliila. Chausiku aliolewa mwaka uliofuata na fundi cherehani, na nasikia anacheka kwa sauti mpaka barabarani.

Masele hakuniomba radhi. Ile ya kwenye basi anashikilia kwamba haihesabiki. Tumbaku ameacha kwa shida. Wakati mwingine namkuta nyuma ya choo na moshi mdomoni, namwita kwa sauti ile ile, anaitupa. Maharage anakula. Kadi ya hospitali naitunza mimi, na tarakimu naziweza: tatu na moja, tatu na mbili, na mwaka huu tena tatu na mbili. Kazi ya pampu hajarudi kuigusa, amesema amezoea kuiona mikononi mwangu, na wachimbaji wanaponihitaji hawamwiti fundi tena, wananiita mimi.

Siku ile tuliporudi kutoka mkutanoni kifurushi changu kilikuwa bado mlangoni. Nilikaa chini nikakifungua mwenyewe. Sufuria nikaziweka jikoni, kinu mahali pake, kanga kwenye kamba. Mkanda wa tyubu niliupima kwa mkono, ulikuwa mzuri, haujachoka. Nikaukata vipande, nikachukua na ule aliouvaa tumboni nikauosha kwa jivu, nikaukata pia. Vilitoka viraka hamsini na kitu. Mpaka leo ukiona baiskeli inapita barabara ya Geita haivuji upepo, huenda inatembea na kipande cha tumbo la mume wangu.